Raba za bendi soo zikichakaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamwene! Karakana yangu iko Mafinga, na kazi zangu ni za kawaida: milango, vitanda, meza, mara mojamoja viti vya kanisani. Tangu nilipobadilisha raba za bendi soo yangu (msumeno wa umeme wenye bledi ndefu iliyoungwa kama kitanzi, inayozunguka juu ya magurudumu mawili) kwa mikono yangu badala ya kuipakia mashine kwenye gari kwenda Mbeya, mafundi wenzangu hawaishi kunipigia simu. Wanapiga kutoka Makambako, Njombe, Iringa mjini hadi Tukuyu, na wengi wanauliza yale yale. Nimeyaandika hapa ili simu ipumzike kidogo.

Raba zenyewe ziko wapi? Nimefungua mashine yangu sijaona raba yoyote.

Fungua mlango wa juu na wa chini. Kwenye ukingo wa kila gurudumu kumevishwa ukanda wa mpira ambao bledi inapita juu yake. Ndiyo raba hiyo. Inaishika bledi isiteleze, inayakinga meno yasigonge chuma cha gurudumu, na kwenye mashine nyingi ina mgongo ulioinuka kidogo katikati ambao ndio unaoifanya bledi itulie mahali pake.

Kama hujaiona, huenda ipo lakini imefunikwa. Sisi tunaopasua paini hilo tunalijua: unga wa mbao unachanganyika na utomvu, unagandamizwa na bledi, mwisho unapata koti gumu la kahawia ambalo mgeni atadhani ni rangi ya gurudumu. Ikwangue kidogo kwa ukucha uone.

Nitajuaje kama ubaya ni wa raba na si wa bledi?

Swali hili lingenisaidia sana kama ningejiuliza mwenyewe mapema. Mashine yangu ilianza kupinda njia. Nachora mstari ulionyooka kwenye ubao wa mbili kwa sita, nasukuma taratibu, bledi inakwenda inakotaka. Nikanunua bledi mpya. Siku mbili nzuri, ya tatu ikarudi kule kule. Nikanunua ya pili, safari hii nikamgombeza na muuza duka kwamba ananiuzia takataka. Kumbe raba ya gurudumu la chini ilikuwa imechimbika mtaro katikati, bledi inalala humo kama baiskeli iliyoingia kwenye njia ya ng'ombe.

Sasa nina kipimo changu, na chaki tu inatosha. Chomoa plagi. Weka alama moja ya chaki kwenye gurudumu la juu na nyingine kwenye bledi, pale ilipounganishwa. Bana penseli mezani kwa klempu, ncha yake ikaribie mgongo wa bledi, yaani upande usio na meno, bila kuugusa. Halafu zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, ukiangalia ule upenyo. Bledi ikiruka mbele au nyuma kila alama ya gurudumu inapofika juu, tatizo ni raba au gurudumu lenyewe. Ikiruka pale alama ya bledi inapopita kwenye penseli, kiungo cha bledi hakikunyooshwa vizuri na raba yako haina kosa. Hazichanganyiki, kwa sababu mizunguko yake hailingani. Kwenye mashine ya inchi 14, bledi ya kawaida ina urefu wa milimita 2375 hivi, na mzingo wa gurudumu ni kama 1117, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi kidogo ndipo bledi imalize mzunguko wake mmoja. Rudia zoezi hilo hilo ukiwa na alama kwenye gurudumu la chini.

Dalili nyingine ni rahisi. Bonyeza raba kwa ukucha wa kidole gumba. Iliyo hai inabonyea na kurudi. Iliyokufa ni ngumu na inang'aa, au ina nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Ukikuta vipande vyeusi vya mpira vimelala kwenye unga chini ya mashine, hapo huna haja ya kupima tena.

Je, kuisafisha tu hakutoshi?

Mara nyingi kunatosha, na ndiyo maana nasema uanze na usafi kabla ya kutoa hela. Paini inayopandwa zaidi kwenye msitu wa Sao Hill, Pinus patula, ina utomvu, na siku hizi watu wanagema utomvu wa paini kwa ajili ya viwanda. Ukikauka juu ya raba unafanya vilima, na bledi inapanda na kushuka juu yake.

Chonga kijiti cha mlingoti kiwe bapa kama patasi, kwangua nacho huku mkono wako mwingine ukizungusha gurudumu. Plagi imechomolewa, bledi imetolewa. Utomvu mkaidi ufute kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo. Usitumie petroli, dizeli wala thina ya rangi: zinailainisha raba na kuivimbisha, na gundi iliyo chini yake inaachia. Na tafadhali usishike brashi kwa mkono gurudumu likiwa linazungushwa na mota. Bledi ya mashine hizi inakwenda karibu mita 15 kwa sekunde. Hakuna mkono unaoweza kuwahi.

Ukisafisha ukakuta chini yake raba ni nzima na mgongo wake bado upo, rudisha bledi uendelee na kazi.

Nipime vipi kabla ya kuagiza?

"Inchi 14" ni kipenyo cha gurudumu, si urefu wa bledi. Hapo ndipo wengi hukosea dukani. Na jina la mashine si kipimo: mashine nyingine huandikwa 350, na milimita 350 si inchi 14 kamili, ni pungufu kwa milimita tano na nusu. Kwa raba ya mpira inayovutika tofauti hiyo inavumilika. Kwa raba ya yurethani, ile ya plastiki, ambayo inatakiwa ibane yenyewe, inaweza kukusumbua.

Kama unaweza, toa raba ya zamani kwanza ndipo upime. Zungushia uzi usiovutika kwenye chuma kitupu, pima uzi kwa futi, gawanya kwa 3.14, umepata kipenyo. Pima upana wa uso wa gurudumu na unene wa raba ya zamani sehemu ambayo haijalika, yaani pembeni. Mashine nyingi za inchi 14 zina raba ya upana wa inchi moja na unene wa milimita tatu hivi. Angalia pia kama gurudumu lina mfereji wenye kingo mbili, ambamo raba inakaa, au ni bapa tu. Piga picha ya gurudumu lililo tupu umtumie muuzaji. Picha inamaliza ubishi.

Mimi huanza kuulizia Mbeya, Mwanjelwa. Isipopatikana naagiza Kariakoo, inapakiwa kwenye basi, naipokea stendi hapa Mafinga. Ndogo, nyepesi, inaingia kwenye bahasha.

Agiza mbili. Gurudumu la chini ndilo linalosukumwa na mota na ndilo linalomwagiwa unga wote, kwa hiyo raba yake hufa kwanza. Lakini ukiweka mpya chini na kuacha iliyochoka juu, utafungua mashine tena baada ya miezi michache.

Raba ya mpira au ile ya plastiki ya rangi ya chungwa?

Ile ya chungwa, na nyingine ni za bluu, ni yurethani. Haihitaji gundi, utomvu haishikani nao sana, na inadumu. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuichonga mgongo kwa urahisi kama mpira, na kuivisha kwenye baridi ya Mafinga ya Juni na Julai ni mieleka. Raba ya mpira ni laini, mashine inanguruma kidogo, lakini inataka gundi na subira.

Kama uso wa gurudumu lako una mgongo tayari kwenye chuma chenyewe, chukua yurethani, itafuata umbo la chuma. Kama chuma ni bapa na mgongo ulikuwa kwenye raba, nunua raba ya mpira uichonge. Mimi nimeweka yurethani, na sijajuta.

Nielekeze namna ya kuitoa na kuivisha.

Plagi ichomolewe na iwe mahali unapoiona. Mimi huitupia juu ya meza ya mashine, maana kijana wangu wa karakana ana tabia ya kuchomeka kila plagi anayoikuta inaning'inia.

Legeza bledi, itoe ukiwa umevaa glavu. Kisha toa magurudumu. La juu kwa kawaida limebanwa na ringi ya chuma au bolti moja. La chini lina nati, na kuna mashine ambazo nati hiyo hukazwa kinyume: unafungua kwa kuzungusha upande ambao siku zote ungekaza. Kabla ya kuning'inia kwenye spana na bomba refu, chungulia nyuzi za nati zinaelekea wapi. Ondoa na beliti ya mota.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nyuma ya gurudumu unaweza kukuta washa, yaani pete bapa za chuma, moja, mbili au tatu nyembamba. Usizichanganye na usizipoteze. Hizo ndizo zilizoyapanga magurudumu mawili yakae kwenye uso mmoja. Zifunge kwa waya, andika "juu" au "chini". Ukizirudisha ovyo, bledi itakimbilia mbele au nyuma, na utailaumu raba mpya bure.

Raba ya zamani ikate kwa kisu, uivute. Gundi iliyoganda ikwangue kwa patasi kuukuu, malizia kwa msasa na thina. Hapo thina inaruhusiwa, maana ni chuma kitupu, ila ifanye nje, mbali na jiko na sigara. Gurudumu la alumini linachubuka haraka, usilikwangue kwa hasira. Ukimaliza, pitisha kidole mzingo mzima: donge la gundi lenye ukubwa wa punje ya uwele utalisikia likigonga kila mzunguko mashine ikiwaka.

Kwa yurethani, chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo mpaka yawe ya moto ambao mkono hauvumilii lakini hayatokoti. Zamisha raba dakika kumi hadi kumi na tano. Raba yangu ya kwanza niliiacha kwenye sufuria ikiwa bado jikoni, nikaenda kumpokea mteja wa kitanda. Niliporudi, sehemu iliyogusa kitako cha sufuria ilikuwa bapa na imenyauka kama ngozi ya maharage. Ilinigharimu raba nzima na safari nyingine ya basi. Maji yaende kwenye karai, pembeni na moto.

Ukiitoa, fanyeni wawili. Laza gurudumu mezani, vaa raba upande mmoja, ibane hapo kwa klempu mbili ndogo zenye vipande vya mbao katikati zisiijeruhi. Mmoja avute kwenda kulia, mwingine kushoto, mpaka mkutane. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye ugomvi. Tumia kijiti cha mbao kuipandisha. Bisibisi inatoboa. Ikipoa njiani, itoe, irudishe kwenye maji, anzeni tena bila lawama.

Ikishapanda, ingiza kipande cha nondo laini au mpini mwembamba wa mviringo kati ya raba na gurudumu, ukizungushe mzingo mzima mara mbili tatu. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu raba tayari inaonekana imekaa. Lakini imevutika sana upande mmoja na kulegea mwingine, kwa hiyo unene haulingani. Kile kijiti kinapokimbia chini yake, mvutano unajigawa.

Na raba ya mpira ya kugundisha?

Ivishe kavu kwanza, kwa sababu gundi inayoshika papo hapo, kama ile ya mafundi viatu, haitakupa nafasi ya kusogeza. Kisha inyanyue kwa kijiti cha mviringo, paka gundi nyembamba kwenye chuma na chini ya raba pale iliponyanyuka, sogeza kijiti, paka tena, hadi umalize mzingo. Inachafua mikono, lakini raba haitapinda. Iache saa 24. Kipindi cha baridi mimi huiacha siku mbili, ndani, si kibarazani kwenye ukungu.

Mgongo wa raba nauchongaje?

Kwanza hakikisha unahitajika. Weka rula iliyonyooka kukatiza upana wa raba, tazama dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga pembeni pande zote mbili na rula imekaa katikati, mgongo upo. Nusu milimita inatosha.

Kama hakuna, gundisha msasa kwenye kipande cha mbao bapa, mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono, wewe egemeza msasa kwenye nusu moja ya raba ukiulaza kidogo kuelekea ukingo. Hesabu mizunguko, halafu fanya idadi ile ile upande wa pili. Usiguse katikati. Pima kila baada ya mizunguko michache. Kazi hii inaweza kula asubuhi nzima, kwa hiyo usiianze siku mteja anasubiri mlango.

Kuna mashine, hasa baadhi za Ulaya, ambazo magurudumu yake ni bapa kwa makusudi, na bledi hupita karibu na ukingo wa mbele, meno yakichungulia nje kidogo. Hizo usizichonge mgongo.

Shikamoo fundi. Huku kwetu Ludewa raba haipatikani. Naweza kutumia tyubu?

Marahaba. Unaweza, kwa shida ya wiki moja. Usikate tyubu ya baiskeli ukaunganisha ncha mbili, kwa sababu kiungo kitagonga. Chukua tyubu ya toroli, ikate kwa mzunguko upate pete nzima isiyo na kiungo, yenye upana wa gurudumu lako, uivute ikae. Imenivusha hivyo mara moja nikamalizia madirisha ya watu. Lakini tyubu ni nyembamba, bledi inaila haraka, na ikivutika kwa joto la kazi inaanza kutembea kuelekea pembeni. Tumia bledi nyembamba, usiikaze sana, pasua mbao ndogo tu, na agiza raba siku hiyo hiyo.

Nina mashine ya kupasulia magogo shambani. Maelezo haya yananihusu?

Inategemea ni ipi. Dingdong haina raba, ule ni msumeno wa duara. Mashine kubwa za kiwandani zenye bledi pana kama kiganja zinakimbiza bledi juu ya chuma kitupu kilichonolewa mgongo, hazivishwi kitu. Lakini zile za kuhamishika zenye bledi nyembamba ya kulala, nyingi hutumia beliti ya V kwenye mfereji wa gurudumu mahali pa raba. Soma namba mgongoni mwa beliti: herufi ni ya upana, tarakimu ni urefu wa ndani kwa inchi. Nunua namba ile ile. Usidanganyike na inayokaribiana.

Nimeweka raba mpya, bledi inakimbia nje. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Raba mpya ni nene kuliko ile iliyolika, kwa hiyo marekebisho ya zamani hayafai tena. Rudisha nyuma beringi zote zinazoiongoza bledi, za juu na za chini, zisiiguse kabisa. Kaza bledi. Plagi ikiwa nje, zungusha gurudumu la juu kwa mkono na ugeuze kitufe cha kulilaza kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati, mpaka bledi itulie katikati. Funga milango, washa sekunde chache, zima, tazama. Ndipo usogeze beringi za pembeni, uache nafasi ya unene wa karatasi ya daftari. Ile ya nyuma isiiguse bledi mpaka mbao inaposukumwa.

Ikiwa bado inakimbia, rudi kwenye zile washa.

Raba inadumu muda gani?

Ya mpira ya kwanza ilinipa kama miaka mitatu, na ingeenda zaidi kama ningekuwa nalegeza bledi jioni. Bledi iliyokazwa usiku kucha inaiachia raba bonde pale pale ilipoegemea, na asubuhi mashine inagonga. Siku hizi nalegeza kila ninapofunga karakana, na nimetundika kipande cha kadibodi mlangoni mwa mashine chenye neno IMELEGEZWA ili asiyejua asiiwashe.

Umeme ukikatika bledi ikiwa katikati ya ubao, zima swichi kwanza. Usivute ubao kurudi nyuma. Utaivua bledi kutoka kwenye magurudumu nayo itapasua ukingo wa raba. Gonga kabari ndogo kwenye njia iliyokwisha pasuliwa, subiri bledi iachie.

Raba ya akiba iweke ndani ya mfuko, mahali pa giza. Ukiitundika kwenye msumari karibu na dirisha, jua na uzito wake mwenyewe vitaimaliza kabla haijafanya kazi.

Zile za zamani zinafaa kwa lolote?

Nimekata vipande nikavibandika chini ya miguu ya mashine ya randa, zimepunguza kutetemeka. Watoto wa jirani waliniomba zilizobaki wakatengenezee manati. Nikawapa. Kesho yake wakazirudisha, wakasema haivutiki, ukiivuta inakatika.